Haupo kwa Sababu Haupimwi

Katika maziko ya huku kwetu kuna maneno yasiyokosekana historia ya marehemu inaposomwa: "aliugua kwa muda mfupi." Marehemu mwenyewe ni mwanamume wa miaka hamsini na kitu. Alirudi shambani akilalamika kifua kinambana, akaletewa soda ateremshe gesi, akaomba aachwe apumzike, na alfajiri majirani wakaanza kuitana. Chini ya turubai kila mtu ni daktari: huyu anasema vidonda vya tumbo, yule anasema mkono wa mtu, wazee wanasema siku zake zilikuwa zimetimia. Ukithubutu kutaja mishipa ya moyo utajibiwa kwa upole, kama anavyojibiwa mtoto: "Moyo? Mzee yule alikuwa mkulima. Moyo ni ugonjwa wa wakubwa."

Kauli hiyo utaisikia Handeni, utaisikia Korogwe mjini, utaisikia Makuyuni (nazungumzia Makuyuni ya Korogwe, kwenye barabara iendayo Mombo, siyo ile ya Monduli). Wanaoisema si wajinga. Wamo walimu, wamo madiwani, wamo hata watu wanaovaa koti jeupe kazini. Ni kauli ya adabu kabisa: haimtukani mtu, haimlaumu mtu, haimgharimu mtu shilingi. Inaua tu.

Kabla sijaibomoa, niwatendee haki wenye nayo, maana hawakuiokota njiani. Mwaka 1956 daktari Hugh Trowell, aliyefanya kazi miaka mingi Kenya na Uganda, aliandika pamoja na mwenzake Singh katika jarida la tiba la Afrika Mashariki kuhusu Mwafrika mmoja aliyepatikana na ugonjwa wa mishipa ya moyo. Mgonjwa mmoja, na alitosha kuwa habari. Alikuwa jaji. Miaka mitatu baadaye Shaper na Jones walilinganisha mafuta katika damu ya Waafrika na ya Waasia wa Uganda: Waasia walikuwa na mafuta mengi na ugonjwa ulikuwa jambo la kawaida kwao, Waafrika mafuta kidogo na ugonjwa nadra. Mwaka 1964 Mmarekani George Mann akachapisha matokeo ya kuwapima Wamasai wa Tanganyika, watu wa maziwa na nyama: alikuta mafuta ya damu yako chini na mioyo haina malalamiko. Kwa hiyo anayesema huu ni ugonjwa wa majaji na wafanyabiashara anarudia, bila kujua, maandishi ya madaktari wa zama hizo. Juu ya hapo anaweka akili yake ya kawaida: mkulima anatembea, analima, anakula ugali na mchicha, ni mkavu kama mti wa mkonge, na fedha ya kununulia mafuta hana. Ugonjwa utaingilia mlango gani? Na hata ukiingia, anamalizia, tiba yake iko Dar es Salaam, na dawa zake ukizianza huachi. Basi tusisumbuane.

Hoja imejengwa vizuri. Tuanze kuitoa matofali.

1. "Wazee wetu hawakuujua"

Ndiyo, hawakuujua. Lakini utafiti wa 1959 uliwapima watu wa 1959. Ajabu ni kwamba mtu anayeutegemea leo anakwenda shambani kwa bodaboda, anakunywa chai yenye vijiko vinne vya sukari, anakula chipsi mayai stendi, na sigara anaivuta kwa mikopo. Kwa mambo mengine yote amehama zama za babu yake, ila kwa moyo tu ndiyo bado anakaa kwa babu. Tena babu mwenyewe wengi hawakumwona akifikisha umri ambao ugonjwa huu hupiga hodi; maradhi mengine yaliwahi.

Hata wale Wamasai, ambao kila mbishi huwataja, hawakuishia pale alipoishia Mann mwaka 1964. Mwaka 1972 Mann huyohuyo na wenzake walichapisha matokeo ya uchunguzi wa mioyo ya wanaume 50 wa Kimasai waliokwisha kufa. Ndani ya mishipa walikuta utando wa mafuta na makovu kwa kiwango kinachokaribia kile cha wazee wa Marekani. Kilichowaokoa Wamasai ni kwamba mishipa yao ilikuwa imetanuka kadiri umri ulivyokwenda, damu ikaendelea kupita. Ugonjwa ulikuwemo. Hawakuwa wamekingwa na rangi wala kabila. Walikuwa wakitembea umbali ambao mimi na wewe hatutembei. Nusu ya kwanza ya habari ile imefika kila kijiwe, nusu ya pili haijafika hata nusu ya njia.

2. "Hapa hatujawahi kuuona"

Hapa ndipo penye uzito, na nitakaa kidogo.

Ili umwone mgonjwa wa mshtuko wa moyo unahitaji vitu viwili: kipimo cha umeme wa moyo, kile cha kubandika waya kifuani, na kipimo cha damu kinachotafuta troponini, yaani protini inayovuja msuli wa moyo unapokufa. Bila hivyo mgonjwa ana "maumivu ya kifua". Maumivu ya kifua yana majina mengi ya kuyapokea: kichomi, gesi, vidonda vya tumbo, nimonia, mawazo. Mgonjwa anaandikiwa dawa ya asidi, anarudi nyumbani, anakufa, na kitabu cha zahanati kinabaki kisafi. Mwisho wa mwaka takwimu zinapanda kwenda wilayani: malaria kadhaa, kuhara kadhaa, mshtuko wa moyo hakuna. Kisha mtu mwenye mamlaka anaisoma safu hiyo tupu na kuamua kwamba kipimo cha umeme wa moyo hakina haraka, kwa kuwa ugonjwa wenyewe haupo. Haupo kwa sababu haupimwi, na haupimwi kwa sababu haupo. Ukiwa mwenyekiti wa kikao unaweza kuizungusha hoja hii miaka ishirini bila kutoka jasho.

Watafiti waliamua kuivunja duara hiyo Moshi, katika idara ya dharura ya hospitali ya KCMC. Walichofanya si uchawi: kila mtu mzima aliyefika na maumivu ya kifua au pumzi kukata, na akakubali kushiriki, alifanyiwa vile vipimo viwili. Walishiriki watu 681. Waliokutwa na mshtuko wa moyo walikuwa 152, yaani zaidi ya mmoja katika kila watano. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020, na neno lililobebwa kwenye kichwa cha makala yao ni kutotambuliwa kwa ugonjwa huu. Ndani ya siku 30, zaidi ya wanne katika kila kumi kati ya wale wenye mshtuko walikuwa wamekufa. Moshi siyo Ulaya. Mabasi yetu yanakwenda huko kila siku. Ugonjwa haukuanza siku watafiti walipofungua maboksi yao ya vipimo. Kilichoanza siku hiyo ni kuuona.

Na kama kuna wilaya isiyopaswa kufundishwa faida ya kupima, ni Korogwe. Chanjo ya malaria ya RTS,S ilijaribiwa hapa. Watoto wa vijiji vyetu wamo katika hesabu zilizosomwa dunia nzima. Leo mtoto akipata homa, zahanati ya kijijini inamchoma kidole na kutoa jibu la malaria kabla mama hajamaliza kumfunga mgongoni. Hakuna anayesema malaria ni ugonjwa wa wakubwa. Hakuna anayeitibu kwa soda.

3. "Jembe linatukinga"

Jembe linasaidia, sibishi. Mwili unaofanya kazi hustahimili zaidi. Lakini jembe halishushi kila kitu, na kitu cha kwanza lisichokishusha ni presha.

Mwaka 2000 yalichapishwa matokeo ya kuwapima presha watu wazima wa sehemu mbili za nchi hii: Ilala ya Dar es Salaam na kijiji cha Shari, wilayani Hai. Mjini, karibu watu watatu katika kila kumi walikuwa na presha ya juu. Kijijini, kwa wakulima wa migomba na kahawa, ilikuwa vilevile, hata ikazidi kidogo. Jambo la kuchekesha ni kwamba habari za "presha ni ya mjini" ziliendelea kupeta kana kwamba Shari haipo kwenye ramani. Mwaka 2012 uchunguzi wa kitaifa wa watu wa miaka 25 hadi 64 ulikuta presha ya juu kwa asilimia 25.9 na kisukari kwa asilimia 9.1. Robo ya watu wazima wa taifa hili haiwezi kuwa wakubwa. Tungekosa wa kuwatawala.

Na presha si jambo la pembeni. Utafiti uliofanyika katika nchi tisa za Afrika kusini mwa Sahara na kuchapishwa mwaka 2005 uliwalinganisha watu waliopata mshtuko wa moyo na wenzao wasioupata. Mambo matano, yaani tumbaku, kisukari, presha, kitambi na mafuta mabaya ya damu, yalieleza karibu tisa ya kumi ya hatari yote, na kwa Waafrika weusi presha ndiyo iliyokuwa na mkono mzito. Angalia orodha hiyo tena. Hakuna panapotajwa mshahara. Hakuna panapotajwa gari. Sigara inauzwa mojamoja kila genge. Chumvi mezani kwetu inaongezwa kabla chakula hakijaonjwa. Mafuta yanayoganda ndiyo ya bei nafuu, kwa hiyo ndiyo ya maskini, na yale ambayo tajiri anashauriwa na daktari wake ayatumie mkulima hawezi kuyanunua. Ugonjwa unaodaiwa kuwa wa kitajiri unalishwa kwa bei ya chini.

Halafu kuna hili la kitambi, ambalo sijawahi kulielewa. Mtu yuleyule anayeapa kwamba moyo ni wa matajiri, akipata fedha ya machungwa msimu ukiwa mzuri, anataka nini? Anataka tumbo. Mkewe akinenepa, majirani wanampongeza kwamba anatunzwa. Yaani tunauita ugonjwa wa wakubwa kwa dharau, kisha tunalitamani umbo lake kwa heshima.

Kuna kundi jingine linalosahaulika hata na wataalamu: watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Hatari yao ya kupata mshtuko wa moyo ni karibu mara mbili ya wenzao. Wengi wao ni wembamba, ni wakulima, ni vijana. Kwa kanuni ya kijiweni hawamo kabisa.

4. "Ungekuwa moyo, angedondoka palepale"

Sinema zimetudanganya. Mtu anashika kifua, anaanguka juu ya meza, vyombo vinavunjika. Ikiwa hajaanguka, basi ni gesi.

Mishipa inayolisha moyo haizibi kwa siku moja. Mafuta na uvimbe hujijenga ndani ya ukuta wa mshipa kwa miaka ishirini, thelathini, bila kuuma. Njia ikishakuwa nyembamba, moyo unapata damu ya kutosha ukiwa umetulia, lakini ukidaiwa kazi zaidi unalia. Ndiyo maana mtu anapanda mlima na mzigo wa mahindi, kifua kinabana kama kimekazwa kamba, anakaa chini ya mwembe dakika tano, kinaachia, anaendelea. Kesho vilevile, mahali palepale. Akisimulia anaambiwa anazeeka. Huyo anapewa taarifa kila siku, tena bure. Gesi haisubiri upande mlima ndiyo ije, wala haiondoki kwa kukaa chini ya mwembe.

Halafu siku moja gamba la juu la ule uvimbe linapasuka, damu inaganda juu yake, na mshipa unaziba kwa dakika chache. Hapo kubana hakuachii hata ukipumzika. Kunaweza kupanda taya, kushuka mkono wa kushoto, kuja na jasho la baridi na kutapika. Kwa wanawake na kwa wenye kisukari kunaweza kusiume sana kifuani, mtu akachoka tu ghafla na kukosa pumzi. Kuanzia hapo msuli wa moyo unakufa kwa dakika, na sisi tunahesabu kwa usiku: tulale, tuone asubuhi.

Sitashughulika na hoja ya mkono wa mtu. Nitasema tu kwamba mkono huo una tabia ya kuchagua wavuta sigara na wenye presha.

5. "Tiba iko Dar"

Hii ndiyo hoja ya waliosoma, na kwa hiyo ndiyo yenye madhara zaidi. Inakubali kwamba ugonjwa upo, kisha inauhamisha. Moyo ni wa Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa mwaka 2015. Ni wa mtambo wa kuzibua mishipa. Kabla ya hapo ulikuwa wa India. Makuyuni isubiri zamu.

Kwa mtu ambaye mshipa umeziba saa hii, kuzibuliwa haraka kunaokoa maisha, na saa mbili ni nyingi. Kutoka Korogwe hadi Dar es Salaam ni kama kilomita 300. Hesabu ni rahisi, na haimfai mgonjwa wa Makuyuni hata ukikodi gari la diwani. Kwa hiyo anayesema tiba iko Dar anasema, kwa lugha ya heshima, kwamba tiba haipo.

Lakini siyo kweli kwamba haipo. Mwaka 1988 ulichapishwa utafiti wa ISIS-2, uliohusisha watu 17,187 waliodhaniwa kuwa na mshtuko wa moyo. Asprini peke yake ilipunguza vifo kwa karibu robo. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, inayopitia mshipani, ilipunguza kwa kiasi hichohicho. Zote mbili pamoja zilipunguza kwa asilimia 42. Asprini! Dawa ambayo kila duka la dawa njia panda linayo, na ambayo mama zetu huitumia kwa kichwa. Mtu mwenye dalili nilizozitaja, kama hana mzio nayo wala hajawahi kutokwa na damu tumboni, atafune miligramu 300 papo hapo, huku usafiri wa kumfikisha hospitali ya Magunga au ya Handeni ukitafutwa. Badala yake anapewa soda.

Na kwa wale wa mwembe, wanaobanwa wakipanda mlima tu, habari inawaumiza zaidi wapenda mitambo. Utafiti mkubwa uitwao ISCHEMIA, uliochapishwa mwaka 2020 na kuhusisha wagonjwa 5,179 wa nchi 37, uligundua kwamba kwa wagonjwa waliotulia, kukimbilia kuzibua mishipa hakukupunguza vifo kuliko dawa zikitumika vizuri. Dawa zenyewe ni za kawaida: ya kushusha presha, ya kushusha mafuta, asprini, ya kupunguza kasi ya moyo, pamoja na kuacha sigara. Iran walikwenda mbali zaidi. Katika vijiji vya mkoa wa Golestan waliweka asprini, dawa ya mafuta na dawa mbili za presha ndani ya kidonge kimoja, wakawafuatilia watu 6,838 kwa miaka mitano. Mashambulizi ya moyo na viharusi vikapungua kwa theluthi moja. Hayo yalichapishwa mwaka 2019. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani likaviingiza vidonge vya aina hiyo kwenye orodha ya dawa muhimu. Vijiji, narudia. Wakulima.

Mtambo unafunguliwa kwa utepe, na waandishi wa habari wanakuja. Kidonge cha presha hakifunguliwi na mgeni rasmi. Pengine hapo ndipo penye jibu la kwa nini tunaujua mmoja na hatukijui kingine.

6. "Dawa za presha ukizianza huachi"

Ni kweli, huachi. Hata kula ukianza huachi.

Kauli hii ina mtoto wake: "ukipimwa ndipo presha inaanza." Katika ule utafiti wa Ilala na Shari, kati ya waliokutwa na presha ya juu, chini kidogo ya asilimia 20 walikuwa wakijijua, kama asilimia 10 walikuwa kwenye matibabu, na ambao presha yao ilikuwa imedhibitiwa hawakufika hata asilimia moja. Waliobaki walikuwa huru na vidonge, kama kijiwe kinavyoshauri. Uhuru huo unalipiwa baadaye kwa kiharusi, kwa figo, kwa mtoto anayeachishwa shule amuuguze baba, kwa shamba la machungwa linalouzwa wiki moja kwa bei ya kutupa ili mgonjwa apelekwe Dar, kule kwenye tiba. Kadi ya bima ya CHF iliyoboreshwa, ile iliyokuwa ya shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita, ilikuwa ikiishia Bombo, hospitali ya rufaa ya mkoa. Aliyesubiri mpaka ugonjwa uvuke Bombo alisubiri mpaka uvuke bima yake.

Wanaotuambia kwamba mtu wa kijijini hawezi kumeza dawa kila siku maisha yake yote, kwamba atasahau, atachoka, atakwenda kwa mganga, wanapaswa kutembelea kliniki ya CTC, ile ya wanaoishi na virusi vya UKIMWI, siku yoyote ya juma. Watu haohao, wa vijiji hivyohivyo, wamemeza ARV kwa miaka ishirini. Wana kadi, wana tarehe, wana mhudumu anayewapigia simu wasipotokea, na dawa hawalipii. Tuliambiwa hilo nalo haliwezekani Afrika, tena na wakubwa wa dunia, kwamba hatuna saa za kujua muda wa kumeza.

Basi mchukue mama mmoja mwenye yote mawili, virusi na presha. Anafika kituo cha afya asubuhi. Dirisha la kwanza anapewa ARV za miezi kadhaa, bure, na anaandikiwa siku ya kurudi. Dirisha la pili anaambiwa dawa ya presha imeisha, anapewa kipande cha karatasi akanunue dukani. Hana hela, anakikunja anakitia kwenye pochi. Siku ya kurudi anarudi, anaulizwa kama amemeza dawa, anajibu amemeza, maana anayeuliza ni wa dirisha la kwanza.